Makofi Kutoka Mirihi

Kirejeshi kilianza kuvuma. Katika ukumbi usio na kiti hata kimoja cha wasikilizaji, wapigaji wa okestra ya taarabu ya Tanga walilaza ala zao mapajani, wakatega masikio. Wimbo walikuwa wameumaliza karibu nusu saa iliyopita. Sasa ndipo wangeletewa jinsi ulivyosikilizwa. Muziki wao uliruka hadi sayari ya Mirihi, kwa wachimba migodi walioishi chini ya mwamba, na Kirejeshi, mtambo wenye masikio ya shaba yaliyofunika paa zima, kikawaletea minong'ono ya watu hao, vicheko vyao na makofi yao. Jamaa zao mjini waliisikia sauti hiyohiyo majumbani, kila Ijumaa baada ya alasiri, wakajua watu wao ni wazima.

Mwinyihamisi, mpiga fidla, aliishi kwa ajili ya saa ile. Watu walisema ana majivuno, na kweli alikuwa nayo. Lakini hakujivunia mkono wake. Alijivunia wasikilizaji wake. Aliwapenda kwa kukosa kwao utulivu. Kwenye ubeti wa pili, pale Bi Mwantumu, mwimbaji wao, alipomtupia maneno mke mwenza, kulikuwa na mwanamke huko juu ambaye hakukosa kupiga ukelele: "Mwambie! Mwambie asikie!" Sura yake hawakuijua. Walimwita Shoga.

Leo, katika sauti iliyorudi, ubeti wa pili ulipita kimya. Ukapita wa tatu. Wimbo ulipokoma makofi yakamwagika, mengi, laini, yakakatika yote kwa pamoja.

"Shoga leo kanuna?" Bi Mwantumu aliuliza. "Au nimeimba vibaya?"

Mwinyihamisi alikwisha kumfikia Injinia Kihiyo, msimamizi wa mtambo.

"Injinia, makofi haya umeyatoa wapi?"

"Kaa chini, bwana mdogo. Umepigiwa makofi, wataka upigiwe na magoti?"

"Anayengoja mwisho ndipo apige makofi hakuja kusikiliza taarabu. Ni nani hao?"

Kihiyo alitazama mlango, sauti ikamshuka. "Mawasiliano yamekatika tangu asubuhi. Muziki wenu unakwenda, sauti zao hazirudi. Shirika la migodi limeniamuru niweke makofi yaliyotungwa na mtambo, mjini kusizuke taharuki."

"Wako hai?"

"Sijui, ndugu yangu. Wallahi sijui."

"Na mama zao wanayasikia haya?"

"Wanayasikia."

Makofi ya wimbo uliofuata yakaanza. Mwinyihamisi akaushika waya ulioyaleta.

"Ukiuchomoa nafukuzwa kazi!"

"Nikiuacha, nitakuwa nimewazika watu kwa makofi."

Akauchomoa. Majumbani ukabaki mvumo wa anga peke yake.

Haukupita muda, vishindo vya kandambili vikasikika uani. Watu waliingia mmoja mmoja, kisha makundi, wengine na unga wa chapati mikononi. Kwa miaka mingi Mwinyihamisi alitamani kuziona nyuso za wanaomsikiliza. Hizi zilipojaa mbele yake, alitazama chini.

Mama mmoja alisogea. "Mimi mama yake Mbaruku. Mwanangu hukohoa mkianza kupiga, vumbi la huko limemwingia kifuani. Leo sikumsikia, nikafurahi. Nikasema kapona." Akamshika Mwinyihamisi mkono wa kanzu. "Kapona, baba?"

"Hatujui, mama. Makofi yalikuwa ya mtambo. Tangu asubuhi hairudi sauti ya mtu."

Nyuma mtu alianza kulia. Mama yake Mbaruku hakulia.

"Lakini ya kwenu inafika?"

"Inakwenda. Kufika, sijui."

"Basi pigeni." Akaketi sakafuni, akajifunga kanga yake vizuri. "Kama yumo gizani, asidhani tumelala."

Walipiga wimbo uleule. Bi Mwantumu aliimba akiwa amefumba macho. Walipomaliza, hapakuwa na aliyepiga makofi. Watu wote waligeuza nyuso kwenye spika ya Kirejeshi, wakaanza kungoja.