Disketi ya Kitambaa Chekundu

Harufu ya wali ulioungua iliingia barazani saa nne asubuhi, na jikoni hakukuwa na moto. Agnella alidhani inatoka kwa majirani, akaendelea na kazi yake. Haraka ilikuwa imemziba pua.

Ijumaa baraza la ardhi lingeamua shamba la Katindiuka ni la nani: la mama yake, Kandida, au la baba yake mdogo Wiliam, aliyelivamia kabla hata matanga hayajaanuliwa. Karatasi zote zililiwa na mchwa. Zilibaki disketi za marehemu baba yake, Apolinari, aliyekuwa karani wa mashine ya kukoboa mpunga na mtunza orodha ya wenye mashamba.

Ifakara nzima Agnella hakupata kompyuta ya kuzisoma. Basi yeye, fundi simu, akajiundia kisomeo: mota ya redio kaseti, kichwa cha kusomea alichonyofoa kwenye kompyuta mbovu, na saketi aliyoichomelea mwenyewe, nyaya zikining'inia kama matumbo ya kuku. Sylvester, fundi cherehani wa baraza ya pili, hakuacha kumtania.

"Dada, hiyo ikisoma, mimi nitashona suti kwa mwiba!"

Disketi zilikuwa tisa. Nane hazikuwa na kitu. Ya tisa ilifungwa kitambaa chekundu, na nyumbani kwao gunia la mbegu ndilo hufungwa hivyo, mtu asije akalitwanga. Agnella akafurahi. Baba aliitunza hii kama mbegu! Akafungua fundo.

Kisomeo kikakoroma, kr, kr, kr, na majina yakapanda kwenye kompyuta yake ya kazi aliyokiunganisha nayo. *Kandida, mke wa Apolinari, Katindiuka, ekari tatu.* Machozi yalimtoka. Kabla hajanakili, mstari mpya ukajiandika chini yake.

*Sylvester, fundi cherehani, futi sita kwa tatu.*

Agnella akachungulia baraza ya pili. Gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka. Sylvester alikuwa amelalia kitambaa alichokuwa anashona, macho wazi, na mdomoni mwake ilitoka ile harufu ya wali ulioungua. Agnella akapiga yowe, watu wakajaa.

Kandida alipotoka ndani hakumtazama maiti. Alitazama kitambaa chekundu mezani.

"Nani amefungua?" alinong'ona.

"Mimi, mama. Nilijua ni kama mbegu."

"Mbegu! Lile ni jini la mashineni, mwanangu. Kila mavuno lilikuwa linachukua mtu. Mganga wa Mngeta alimwambia baba yako aliandike kwenye disketi hiyo, alifunge, halafu avunje kompyuta ya kulisoma. Akaivunja kwa shoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua hakuna wa kuisoma tena."

Agnella akachomoa waya wa umeme, lakini mota haikusimama, ikazidi kukoroma, na harufu ikazidi mpaka koo likamwasha, na pale kwenye kioo, kwenye mstari uleule alioutafuta wiki tatu bila kulala vizuri, ekari tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja, na kila tarakimu iliposhuka mama yake alishika ukuta na kukohoa kikohozi kikavu cha mtu aliyepaliwa na pumba, huku ekari ile moja ikianza kugeuka nusu. Akinakili sasa, atapata angalau kitu cha kulionyesha baraza. Akamtazama mama. Akachukua nyundo.

Alikiponda kisomeo mpaka mota ikanyamaza. Mama akaifunga disketi, fundo juu ya fundo, na kikohozi kikakata. Agnella alilia kwa hofu, akalia na kwa shamba.

Ijumaa walikwenda mikono mitupu. Katibu wa baraza akasoma uamuzi taratibu.

"Shamba ni la Wiliam. Isipokuwa, kwa huruma ya wajumbe, mjane ameachiwa kaburi la mumewe, na nafasi yake mwenyewe pembeni." Akageuza karatasi. "Futi sita kwa tatu."

Kandida akamshika mwanawe mkono. "Tushukuru, Agnella. Angalau hapo hatatutoa mtu."

Ukumbi ulikuwa unanuka wali ulioungua, na mama yake alikuwa ameanza kukohoa.