Dhahabu Isiyotoka Kwenye Simu

Kila alipotoka shule, Léocadie alivua sare, akajifunga kitenge na kuanza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Bibi yake, Subira, alikaa karibu akichagua mawe kwenye mchele. Hawakuzungumza sana. Bibi alikuwa mzito wa kusikia, na Léocadie hakupenda kupaza sauti. Mchi ndio uliosema kwa niaba yao wote wawili.

Siku hiyo simu ililia. Léocadie aliacha mchi ndani ya kinu akaikimbilia, akidhani ni mama.

Hakuwa mama. Ulikuwa ujumbe: “Ombi lako la kutoa pesa bado linasubiri. Jina la akaunti halilingani na jina la laini. Lipa ada ya uhakiki ili upokee pesa zako.”

“Ni nani?” bibi aliuliza.

“Si mutu, bibi. Ni kampuni.”

Bibi alitikisa kichwa, akarudi kwenye mchele wake.

Mama yake Léocadie aliishi Salamabila tangu baba alipofariki. Huko alikaanga mikate na kuwauzia wachimbaji wa dhahabu. Kwa kuwa kambini kulikuwa na wezi, kila alichopata alikituma kwenye simu ya bibi. Feza hizo zilikuwa na kazi moja tu: kulipa pikipiki itakayomleta nyumbani Kasongo siku ya Pasaka. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo namba ya siri aliishika Léocadie.

Déo, mwanafunzi mwenzake, ndiye aliyekuwa amemwonyesha mchezo wa kamari kwenye simu. “Unaona? Unagusa jiwe, dhahabu inatoka,” alisema. “Mama yako anaungua na mafuta bure.”

Léocadie hakucheka. Jua lilipokaribia kuzama, akina mama wa jirani waliita watoto wao waje kula, jina moja baada ya jingine. Jina lake halikuitwa. Alikaa nyuma ya jiko na simu ya bibi, akakubali palipoandikwa kwamba amefikisha miaka kumi na minane, akaingiza sehemu ya feza za mama. Mawe yalipasuka. Hesabu kwenye kioo ikapanda. Aliwaza kwamba ikipanda zaidi, mama hatalazimika kurudi Salamabila tena. Akaingiza nyingine.

Lakini alipoomba feza zitoke, hazikutoka. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, aliangalia simu. Neno lilikuwa lile lile: “Inasubiri.” Na sasa walitaka ada.

Kesho yake alimwendea Déo uwanjani.

“Lipa tu hiyo ada,” Déo alimwambia. “Ukiacha sasa, watakula zote.”

“Wewe walishakulipa?”

Déo alijikuna shingo. “Yangu pia inasubiri.”

Baada ya masomo Léocadie alikwenda sokoni kwa Alimasi, aliyekaa chini ya mwavuli akiwatumia watu feza na kuwatolea zilizotumwa.

“Papa Alimasi, hii namba ya bibi iko na jina la nani?”

Alimasi alicheka. “La Pacifique, yule motari wa pikipiki. Bibi yako alikuja kuandikisha laini na karata ya kura iliyofutika, hata sura haionekani. Pacifique alikuwa amesimama hapo, akatoa yake. Nusu ya mtaa wenu inapokea feza kwa jina la Pacifique. Siku akifa, mtafiwa wote.” Kisha akamtazama. “Kwa nini unauliza?”

Léocadie alimpa simu. Alimasi alisoma ujumbe, na kicheko kikaisha.

“Jina lisipolingana, feza zinaweza kuchelewa kweli, hata kwa kampuni nzuri,” alisema. “Lakini anayetaka umulipe kwanza ndipo akulipe, mutoto wangu, huyo hana kitu cha kukupa. Bibi anajua?”

“Hajui.”

“Mwambie wewe mwenyewe. Kisha mje wote wawili tubadilishe namba ya siri.”

Alirudi kwa njia ndefu ya msikitini. Huenda Alimasi amekosea, aliwaza. Akilipa ada na feza zikatoka, hakuna atakayejua lolote. Alipofika nyumbani alipita nyuma ya jiko, akaandika kiasi kilichoombwa. Ilibaki kugusa mara moja tu.

“Léo,” bibi aliita kutoka ndani, “Pasaka iko karibu. Nianze kuulizia pikipiki ya mama yako?”

Alifuta namba zote, akaingia ndani.

“Bibi, nimekula feza za mama,” alisema kwa sauti ndogo.

“Unasema?”

Ilimbidi apaze sauti. “Nimekula feza za mama. Nimezicheza kwenye simu.”

Nje, jirani aliyekuwa akifagia alinyamazisha ufagio. Bibi aliweka mikono juu ya mapaja.

“Zimebaki?”

“Nusu.”

“Piga kwa mama yako.”

Alimweleza mama yote. Léocadie alisikia watu wakigombania mikate, na mafuta yakichemka.

“Nusu itanifikisha Kabambare,” mama alisema mwishowe. “Kutoka hapo sijui.”

Léocadie alimrudia bibi maneno hayo karibu na sikio. Bibi akajibu kwamba Pacifique hupeleka sabuni na chumvi Kabambare na kurudi bila mzigo; yeye bibi atampa kuku wawili na mchele, amlete mama. Kisha alimshika Léocadie bega.

“Sikiliza, mwanangu. Huko mama yako aliko, watu wanachimba mpaka matope yawafike shingoni, na wengi wanatoka mikono mitupu. Wewe ulidhani itatoka kwa kugusa kioo? Feza ya mchezo ina mlango wa kuingilia, haina wa kutokea. Na usinifiche kosa tena. Ungenyamaza leo, hata hii nusu ingekwenda, na mama yako asingekuja. Kesho tutakwenda pamoja kwa Alimasi.”

“Ndiyo, bibi.”

Mama alikuwa bado kwenye simu. “Léo,” alisema, “feza zote hizo ulitaka kununua nini?”

“Sikutaka kununua kitu, mama.”

“Hukutaka kitu, na bado ukacheza?”

Kila mama alipopiga, Léocadie alizoea kujibu kwamba wako salama na masomo yanaendelea. Safari hii hakujibu hivyo.

“Nilitaka usirudi tena kule,” alisema. “Nilitaka ukae na mimi.”