Abiria wa Ghorofa ya Tatu

Ndege ya Dulcelina kwenda Praia, kisiwani kwao, ilikuwa ya saa tano usiku, na ndiyo kwanza ilikuwa saa tisa alasiri. Aliona heri aingie mjini Lisbon akamtafutie mama yake mtandio wa sufu, kuliko kukaa uwanjani akitazama watu wengine wakilakiwa. Miaka kumi na moja alikuwa akifanya usafi maofisini Luxembourg, alikotoka asubuhi ile, na kwao hakuwa amekanyaga tangu aondoke.

Desemba jua huzama mapema. Alipofika vichochoro vya mtaa wa Alfama taa zilikuwa zimeshawashwa, na ukungu wa mtoni ulikuwa ukipanda polepole kwenye ngazi za mawe. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Nyuma ya madirisha watu walicheka, sahani zikigongana. Hakuna aliyemjua.

Ndipo alipoitwa.

"Lina..."

Jina la nyumbani. Mjini humu hapakuwa na wa kulijua.

Bibi mmoja aliyevaa nguo nyeusi alikuwa amesimama mlangoni, kikapu cha viazi miguuni pake. "Nisaidie kupandisha, mwanangu. Ngazi hizi zitaniua."

Krioli yake, lugha aliyokua nayo Dulcelina, ilikuwa ya kisiwani kwao kabisa. Dulcelina akadhani ni jirani wa zamani aliyehamia huku, moyo ukamlainika. Akabeba kikapu, akatangulia.

Ngazi zilinuka nta na samaki mkavu. Ghorofa ya kwanza, giza. Ya pili, giza. Nyuma yake hakusikia hatua za bibi... ila pumzi yake, karibu na sikio.

Ghorofa ya tatu mlango ulikuwa wazi. Ndani, kwenye meza ndefu, watu kama kumi na wawili walikuwa wameketi na makoti yao, kila mmoja na sanduku lake kati ya miguu. Mbele ya kila mmoja palikuwa na bakuli la supu ya kabichi likifuka mvuke.

Kiti kimoja kilikuwa kitupu.

"Kaa upashe tumbo moto," bibi akasema. "Muda bado unao."

Dulcelina akaketi. Alikuwa amechoka, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimpakulia chakula. Akashika kijiko.

Mwanamume wa kando yake hakugeuza kichwa. Midomo tu ilitikisika.

"Usinywe, dada."

Tiketi aliyoishika ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, wino umefifia.

"Mimi nilikuwa na saa sita tu za kusubiri ndege," akanong'ona. "Nilikuwa nakwenda Bissau. Ondoka."

Kijiko kikamponyoka. Vichwa vyote vikageuka kwa pamoja.

Jinsi alivyoshuka ngazi hajui. Anachokumbuka ni kuitwa kutoka juu, mara kwa sauti ya shangazi yake, mara kwa sauti ya mama yake, kwa kubembelezwa.

Alipotokea nje, mzee Abílio, mwenye mkahawa wa mkabala, alimkalisha akampa maji. Dulcelina akamwonyesha mlango. Ulikuwa na kufuli lililoshika kutu. Mzee hakushangaa. Alisema kila majira ya baridi huokota begi moja au mawili mbele ya mlango ule. Polisi huja kuyachukua, wenyewe hawaji kamwe. Alimwitia teksi, akasimama naye mpaka ilipofika.

Ndege aliiwahi. Asubuhi, huko Praia, mama yake alifungua mlango akabaki amesimama kizingitini.

"Jana jioni ulinipigia simu," mama akasema. "Ulisema umepata mahali pa kukaa, nisikusubiri tena."

Dulcelina akamwambia hakupiga simu.

"Ilikuwa sauti yako, Lina."

Mama akampapasa uso kwa muda mrefu, vidole vikitafuta kitu. Mchana walikula pamoja. Kisha mama akaingia chumbani kwake kupumzika, na Dulcelina, akiwa peke yake mezani, akasikia komeo likisukumwa kwa ndani.