Bado Mmoja

Jua lilikuwa linazama tulipofika kuliona lile gari. Nilikuwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi magari anayenidharau tangu siku ya posa. Ni haki yake. Nimeizunguka dunia na sijawahi kurudi na kitu kinachofanya kazi. Safari hii nilitaka stesheni wagoni la kizamani, lililojengwa juu ya chasisi ya lori, viti safu tatu, springi za kubebea mawe. Mke wangu nilimwambia ni la familia. Uongo mtupu. Nilitaka nionekane nikipita.

Lilikuwa uani, kutu imelitapakaa kama upele, taa moja ina chongo. Muuzaji, mjane mwembamba, hakuinuka barazani. Alisema halijawashwa tangu mumewe afariki. Mumewe alikuwa akibeba abiria, na hakuwahi kuondoka kituoni mpaka gari lijae. Hata siku ile mto ulipochukua daraja, alisubiri wee, akachoka, akaondoka na kiti kimoja kitupu. Hawakufika.

Nikacheka kimoyomoyo. Kila gari bovu lina marehemu wa kulisifia.

Shemeji ana desturi yake: kabla ya neno lolote, huweka kiganja juu ya boneti. Muuzaji mjanja huipasha injini mapema ili usijue inavyogoma ikiwa baridi. Akaweka kiganja. Akakiondoa haraka.

"La moto," akaninong'oneza. "Mama huyu mwongo."

Tukatazamana, wajanja wawili, pua juu. Yeye akaanza kuhangaika na boneti iliyokwama. Mimi nikapanda. Kofia ilinibana. Ilikuwa ya shemeji, nimeiazima asubuhi kufichia upara. Nikaitupa kwenye kiti cha nyuma, nikashika usukani.

Harufu ya nguo mbichi. Ya tope...

Vioo vilikuwa na ukungu.

Kwa ndani.

Nami, mwenye mdomo usio na breki, nikaita kama kondakta: "Jamani, tumejaa?"

Nyuma ya kisogo changu, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto:

"Bado mmoja."

Sikugeuka. Nilitupa jicho kwenye kioo cha juu. Hapakuwa na mtu. Lakini viti vyote vilikuwa vimebonyea, kama vinavyobonyea vikikaliwa. Vyote, isipokuwa kimoja.

Chenye kofia.

Nilishuka kwa kuanguka. Shemeji alikuwa amesimama mbele ya boneti iliyo wazi, mdomo wake wazi vilevile. Ndani hapakuwa na injini. Hapakuwa na betri wala rejeta. Palikuwa na majani tu, yameota kutoka ardhini, yamebabuka kwa joto.

Tulipompita mjane tukikimbia, aliuliza bila kuinua macho:

"Kofia ya nani ile, kitini?"

Aliyewahi kusafiri anajua. Ukiweka kitu kitini, umeshika nafasi.

Njiani tulibishana kwa minong'ono, wanaume wazima wenye vitambi. Mimi nilidai nafasi ni ya mwenye kofia. Yeye alidai ni ya aliyeiweka, tena mwenye upara asiyerudisha vitu vya watu. Kurudi kuichukua, hakuna aliyethubutu hata kutaja. Tulipofika kwake alinishika bega, kitu ambacho hajawahi kunifanyia.

"Shemeji," akasema, "usimwambie dada."

Sikumwambia. Ila kila magharibi nampigia simu. Hupokea upesi na kunitukana: mjinga wewe, bado unapumua? Nami humjibu: kwa bahati mbaya. Sijawahi kupenda matusi hivyo maishani mwangu.

Leo simu imeita muda mrefu.

Ikapokelewa. Hakuna tusi. Mngurumo tu wa injini nzito, ya lori, ikipashwa moto. Nyuma yake watu wanasogeana, wanapeana nafasi.

Nikaita jina lake. Nikaita tena.

Sauti ikajibu, si yake, taratibu:

"Tumejaa."

Mlango ukafungwa. Mngurumo ukapanda, ukaanza kwenda mbali...

Simu bado iko sikioni. Mke wangu amesimama mlangoni, anajifuta mikono, anacheka. Anauliza kaka yake amenitukana nini leo.