Swali Dogo la Mzee Kahiga

Kila Jumamosi Naliaka alifua sare zake uani, kwao Gatitu, huku akisikia simu ya baba yake ikilia. Bwana Simiyu alikuwa mshauri wa wafugaji, asiyeajiriwa na yeyote. Mfugaji alimlipa ampangie zizi na malisho, kazi ikaisha, wakaagana. Lakini kuagana kwenyewe kulikuwa kwa mdomo tu.

"Baba Naliaka, niko na swali kidogo tu," wateja wa zamani walisema. Swali moja lilizaa la pili, na la pili likaleta la jirani. Walishukuru kwa kabichi. Kabichi hazilipi kodi ya nyumba, na ripoti ya wafugaji wa Kangema, kazi pekee yenye malipo, ilikuwa imelala mezani. Kazi zikikatika, wangefunga virago warudi Bungoma, na Naliaka aiache shule aliyoipenda.

Jumamosi moja Baba alisinzia juu ya ripoti. Simu ilipolia, Naliaka alimhurumia. Aliichukua polepole akatoka nayo nje.

"Ndama yangu amevimba tumbo," alisema Mzee Kahiga, mteja wa mwaka uliopita. "Hebu uliza baba yako nifanye nini."

Naliaka alikuwa amelisikia jibu la swali hilo mara nyingi, hata angeweza kuliimba. Alinyamaza kidogo, kana kwamba anauliza. "Baba anasema umpe nusu lita ya mafuta ya kupikia, halafu umtembeze."

"Ati nusu lita? Haya, asante mtoto wangu."

Maskini, alirudi kwenye nguo zake akijiona amesaidia!

Jioni Kahiga alisimama mlangoni na kamba tupu mkononi. "Simiyu, umeniulia ndama! Nimemnywesha hiyo mafuta yako kwa nguvu, akapaliwa, akakohoa mpaka akakufa."

Baba aliitazama simu yake, akaiona namba ya Kahiga. Uso ukamshuka. "Huenda nilijibu nikiwa na usingizi," alisema. "Siku hizi hata sijui nimemwambia nani nini. Nisamehe, mzee."

Kilichomchoma Naliaka ni kwamba Baba aliamini hivyo kweli. Akinyamaza, kosa lingebaki la Baba maisha yake yote.

"Si Baba," alisema huku akilia. "Ni mimi. Yeye alikuwa amelala, nikadanganya."

Hakuna aliyempigia kelele, na hilo lilimuumiza zaidi. "Nusu lita ni ya ng'ombe mkubwa," Baba alisema kwa sauti ndogo. "Ningeuliza umri wake kwanza, na kama anameza vizuri. Pengine ningekwambia, mzee, umwite daktari wa mifugo."

Kahiga aliikunja kamba yake. "Na mimi nilitaka ya haraka haraka. Kama ningekuwa nimelipa, ningeeleza yote." Akaondoka bila kuaga.

Jumatatu Baba aliwapigia wateja wake wa zamani. "Mwezi wa kwanza baada ya kazi, maswali yako ni sehemu ya kazi," aliwaambia. "Baada ya hapo, swali la ndiyo au hapana nitajibu bure. Likitaka nikae nifikiri, tutapanga saa, na bei utaijua kabla sijaanza."

Wengine walicheka. "Kuongea tu ulipwe?" Simu ikanyamaza. Ripoti ilikamilika, lakini habari za ndama zilitangulia kufika Kangema, na kazi nyingine haikuja. Naliaka alianza kuzitenga nguo za kubeba.

Ndipo Kahiga akapiga. "Niko na swali. Pesa nimeshatuma. Lakini mtoto asishike hiyo simu."

"Nieleze tangu mwanzo, mzee," Baba alisema. Waliongea mpaka chai ikapoa. Malipo ya simu moja hayakutosha kodi, ila kesho yake zililia mbili za kulipiwa, na mwenye nyumba akakubali kungoja.

"Mwanangu," Baba alimwambia Naliaka, "niliyatoa majibu yangu kama maji ya mfereji, ukadhani yeyote anaweza kuyachota. Hilo ni kosa langu. Lako ni kusema 'Baba anasema', na Baba hakusema. Anayeheshimu kazi yake huiwekea bei, na anayemheshimu mwenye kazi hajibu kwa niaba yake."

"Na ndama, Baba?"

"Ndama harudi," alisema. "Ndiyo maana hatutasahau."