Umeme Uliorudi Nyuma

Sokoni Turku, Ufini, Jumamosi ya watu kubanana, mikono miwili ilitua kwenye kikapu kimoja cha stroberi, cha mwisho. Mmoja wa Kerttu, mwenye koti la mvua la njano. Wa pili wa Urho, dereva wa basi, shati limepigwa pasi mbele tu.

"Achia, kaka!"

"Tule wote, dada. Nina mdomo mdogo."

Uongo mtupu. Alimaliza robo tatu.

Mapenzi yakanoga. Kerttu, ambaye kazi yake maabarani ni kutengeneza plastiki zinazopitisha umeme, akamvisha mkanda wa plastiki hiyo mkononi. Upande wa ndani hupata joto la ngozi, wa nje ubaridi wa hewa; tofauti hiyo ndiyo inayosukuma umeme. Vipimo vilikuja kwenye simu ya Kerttu.

"Usiuvue, mpenzi."

Alhamisi jioni, umeme ukageuka, ukawa unarudi nyuma. Kerttu akaikodolea simu macho. Mkanda hugeuza umeme ukivaliwa ndani nje. Basi umevuliwa, ukavaliwa tena harakaharaka. Kwa nani?

Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Ge... gereji. Basi bovu."

"Umevua mkanda?"

"Sijaugusa, roho yangu."

"Mbona unahema?"

"Nimepanda ngazi."

"Gereji ya ghorofa?"

Nyuma yake kitu kikalia *tssss*, mtu akacheka. Kerttu akakata simu, akaweka nguo zote za Urho nje ya mlango. Yamekwisha.

Urho akaja, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, nywele mbichi.

"Umeoga kwa nani?"

"Kwa baba yako."

"Nani?!"

"Nilikuwa na ombo... ombi. Akasema mambo mazito huzungumzwa sauna, benchi la juu. Nusura niive!"

Kerttu akajishika kichwa. Sauna! Chumba cha mvuke, maji yakimwagwa kwenye mawe ya moto hulia *tssss*, na hewa ya mle ina moto kuliko ngozi. Upande wa nje ndio uliochemka, umeme ungeacha vipi kugeuka? Mfini mzima, mtaalamu wa joto, kasahau sauna!

"Ombi gani?"

"Nikuoe. Kasema nikuulize mwenyewe, yeye hataki kufokewa."

Kerttu akamshika mkono. Akaufunika mkanda kwa kiganja chake, akabana. Kwenye simu umeme ukashuka, ukashuka, ukakaribia sifuri.

"Mkanda umekufa?" Urho akauliza kwa hofu.

"Haujafa. Ni kwamba sasa pande zote mbili zina joto sawa, mjinga wewe. Ingiza nguo zako ndani."