Safari ya Pili ya Ngarambe

"Usinisogelee, Mama Thuwaiba. Weka uji chini, nitauchukua mwenyewe."

Mkewe, Sikudhani, akauweka chini. Siku nane alimngoja mumewe, aliyekwenda Ngarambe kuchukua dawa ya vita. Sasa Tamimu amesimama uani kwao Mtawanya, vumbi hadi kwenye kope, punje za mtama zimefungwa shingoni, na hataki hata kumpakata mwanawe wa miezi mitatu.

"Mtoto naye ana miko?"

"Ni wa kike. Mkono wa mwanamke ukinigusa, dawa imekufa. Na kesho tunawaendea askari wa Mdachi."

"Huko Ngarambe kukoje?"

Uso wake ukachangamka. "Sijaona mahali kama pale. Watu kama siafu. Wamatumbi, Wandengereko, wengine lugha yao hata siijui. Wanalala nje na hakuna anayeiba muhogo wa mwenziwe. Maji unakunywa, mengine unamwagiwa kichwani. Halafu mnajipanga mistari, bua la mtama begani kama bunduki."

"Umeona mtu kapigwa risasi akapona?"

Tamimu akazishika punje za shingoni. "Wamesema zitageuka maji."

"Kwa hiyo hukuona."

"Usinitie shaka, mke wangu."

Akainama kuchukua uji. Hapo hapo Sikudhani akamkumbatia kwa nyuma, akamng'ang'ania. Mavyaa yake, Bi Mwanamkuu, aliyekuwa akitwanga, akaacha mchi hewani.

"Niache! Umeniua, we mwanamke."

"Huendi," Sikudhani alisema, shavu mgongoni mwake. "Huendi tu."

Nassibu, kaka yake Tamimu na kiongozi wa kikosi chao, alipopata habari alicheka.

"Mdogo wangu, mkeo kakuweza. Rudi Ngarambe ukanyweshwe upya. Utatukuta tumeshawamaliza."

Tamimu hakucheka. "Nikirudi nisikukute," alimwambia mkewe. "Nenda kwenu Bungu. Talaka utaletewa."

Tamimu aliporudi kutoka safari ya pili, alikutana njiani na wawili wa kikosi chao, mmoja kambeba mwenziwe. Hao tu ndio waliobaki. Nassibu alitangulia mbele akiimba, wakasema, na bunduki ya Mdachi haikumgojea amalize.

Uani kwake wanaume walikuwa wamejaa. Sikudhani, ambaye mavyaa yake alimkataza kuondoka, amekaa chini katikati yao.

"Huyu ndiye kaivunja dawa," alisema Mzee Sadallah, ambaye mwanawe naye hakurudi. "Kamshika mmoja, wamekufa wote. Muulizeni Bi Mwanamkuu, aliona."

Bi Mwanamkuu akatoka ndani, kaniki imemfunika hadi kwenye paji.

"Niliona. Nilikuwa na wana wawili. Huyu alimshika mmoja. Wa pili mimi nilikaa mbali naye, nikamwekea chakula chini kama tulivyoambiwa. Wewe Sadallah, wako mlimlindia miko?"

"Tulimlindia."

"Basi niambie kosa la huyu binti."

Sadallah akajifunika uso kwa kanzu. Mmoja mmoja wakaondoka bila kuaga.

Tamimu akaketi mavumbini karibu na mkewe, bega kwa bega.

"Ulijua?"

"Sikujua kitu. Niliogopa tu."

"Kaka alinicheka, Sikudhani. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia."

Sikudhani hakumwambia anyamaze. Alimwacha alie.

"Askari wanakuja huku wakichoma maghala," Tamimu alisema baadaye. "Twende deltani, ndani ya mikoko. Hawatatufuata kwenye tope."

"Na talaka yangu?"

"Mfunge mtoto vizuri. Mama nitambeba mimi."